Kiti cha Kunyonyeshea cha Yvette

Umbilo, Durban
Jumatano, 14 Mei

Kwa dada yangu mpendwa Belinda,

Nakusalimu kwa upendo wa tumbo moja lililotuzaa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Marwa na wanao wote, na kwamba ule mguu uliokuwa ukikusumbua sasa umetulia. Mama anaendeleaje na presha? Anakunywa dawa zake, au bado anazificha chini ya godoro akidhani hatujui? Mimi afya ninayo, Mungu asifiwe. Kula nakula, kulala nalala kidogo. Ukiniona utasema nimekonda, lakini usianze kulia, sijafa.

Najua utaigeuza hii karatasi mara mbili na kusema makubwa, Scola kaandika barua, kwani simu yake imeibwa? Haijaibwa. Nimekupigia mara tatu nikiwa na nia ya kusema, na mara zote tatu, ukishasema haloo mdogo wangu, najikuta nauliza habari za mvua. Jumapili nilikuuliza habari za kuku wako robo saa nzima. Dada, sikuwa na haja na kuku. Basi nimeona niandike, maana karatasi haiwezi kuniuliza mbona sauti yako iko hivyo. Anayekuletea ni Sultan, yule anayefuata nguo huku na kuuza Mwanza. Nimeifunga kwa gundi ya karatasi pande zote, maana Sultan namjua, macho yake hayana adabu.

Ninaandika kwa ajili ya kiti. Ulipoona ile picha niliyokutumia mwezi wa tatu, ulisema Ghati naye anakaribia kujifungua, nimtengenezee mwanao kama kile, nami nikajibu bila kufikiri kwamba hiyo ni kazi ndogo. Sasa nakuambia kiti hakiji. Usidhani nimekuwa mchoyo. Kwa sababu ya kiti hicho kuna mtoto wa miezi miwili na nusu aliyelazwa hospitali ana nyuzi kwenye tako, na wazazi wake hawaruhusiwi kumchukua, na kuna mama mtu mzima wa miaka sabini ambaye wiki iliyopita yote alikuwa akingoja kufungwa. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujamwambia mtu yeyote, hata shemeji.

Kwanza nikueleze kiti chenyewe, maana kwenye picha uliona mahameli tu ukapenda. Ni kiti cha kale cha Wazungu, cha enzi za bibi za bibi zao. Hakina mikono, ili kiwiko cha mama kisigonge popote. Miguu ni mifupi, kimekaa chini kabisa, ukikikalia nyayo zote zinagusa sakafu, magoti yanapanda, na mapaja yanakuwa kitanda cha mtoto. Mgongo wake ni mrefu, na miguu ya mbele ina vigurudumu vidogo vya shaba. Ndani hakuna sponji kama makochi yetu ya Musoma. Ni springi, gunia, kamba za katani, na juu yake singa za farasi zimeshindiliwa kwa wingi. Kilitengenezwa kwa kazi moja tu, kunyonyeshea. Wale watu walikuwa na nafasi, jamani, hata titi lilikuwa na kiti chake.

Kile kililetwa kutoka Westville, kwenye nyumba ya bibi mmoja aliyefariki, watoto wake wakauza kila kitu. Nyani walikuwa wameingia dirishani wakakichana, na mguu mmoja umevunjika. Fundi Gadiel, yule Mpare ninayefanya kazi kwenye karakana yake ya makochi hapa Umbilo Road, alikitazama akasema hicho ni kuni. Nikamwomba anipe. Aliniuliza nakitaka cha nini, mimi sina mume wala mtoto. Nikamwambia ni cha Yvette.

Yvette nilishakutajia, ila labda umesahau. Ni Mkongo wa Bukavu, msusi, mke wa Honoré. Nilipofika Durban na begi moja na namba ya simu isiyopatikana, ndiye aliyenikuta nimekaa kwenye ngazi za saluni yao nikilia. Alinichukua mpaka nyumbani kwao Albert Park, ghorofa ya saba, nikalala sebuleni kwao miezi minane bila kuulizwa naondoka lini. Ndoa yao ilikuwa na miaka tisa, na mimba tatu zilishatoka. Hii ya nne ilipokaa, alikataa kitu chochote cha mtoto kisinunuliwe, hata soksi, mpaka mtoto awe ametoka na analia. Ndivyo walivyo wengi huku, wanaogopa kumtangulia Mungu. Kwa hiyo kile kiti nilikishona kwa siri, nikakiacha nusu, nikisema nitamaliza akishajifungua.

Mtoto akazaliwa mapema kwa upasuaji, mwishoni mwa mwezi wa pili, msichana. Wakampa jina langu. Dada, nilicheka, nikalia, nikacheka tena, Gadiel akaniambia niache kuchafua kitambaa cha watu. Yvette angerudi nyumbani Jumamosi, nami nilikuwa na siku nne za kumaliza kiti. Nikakimaliza Ijumaa jioni. Asubuhi yake mama za kanisani kwao wakaja kukibeba kichwani, lifti ya jengo lao imekufa tangu Krismasi, wakapanda nacho ngazi zote saba wakiimba. Yvette alipokikalia na mtoto mikononi alinitazama machozi yakimtiririka. Wote waliniangalia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, macho hayatoki kwenye kile kiti, wakadhani ni furaha.

Baada ya hapo nilikuwa nakwenda kwao kila nikitoka kazini. Kabla sijamshika mtoto, lazima nipitishe kiganja kwenye kiti, kwenye kikalio, kwenye ule mfereji mgongo unapokutana na kikalio, taratibu, kana kwamba napangusa vumbi. Yvette alinitania kwamba fundi haamini kazi yake mwenyewe. Nilimjibu kwamba mahameli inataka kulainishwa. Ikapita wiki, ikapita ya pili, ukafika mwisho wa mwezi wa tatu. Mtoto ananenepa, mashavu yamejaa. Nikaanza kujiambia yamekwisha, na usingizi ukarudi.

Mwezi wa nne mtoto akaanza kulia. Hakulia akinyonya. Alikuwa ananyonya vizuri, anasinzia, halafu Yvette akimlaza pale kwenye kiti, mgongo ukimzuia asidondoke, ili afunge nguo yake, mtoto anapiga yowe moja la ghafla, anageuka mwekundu. Haikuwa kila siku. Siku nne kimya, ya tano yowe. Wakaona kidoti chekundu kwenye tako, wakasema mbu. Kikaja kingine, wakasema upele wa joto. Nilikuwepo siku moja yowe lilipotoka, na nakuambia kweli, nilimnyanyua mtoto kutoka kwenye kile kiti kwa kasi mpaka Yvette akaniuliza nina nini. Nikasema sina kitu.

Sasa nikujulishe na Tantie Laurette, maana ndiye mwenye mzigo wote. Ni shangazi yake Honoré, mjane wa Uvira, na wamekaa naye tangu waoane. Mwili mkubwa, sauti ndogo. Kutwa anafuma vitambaa vya meza kwa uzi na sindano yake ya ndoano, na miguu yake inavimba kwa hiyo hatoki sana. Yeye ndiye aliyekuwa anamwogesha mtoto. Kila asubuhi anakaa kwenye kile kiti, kwa sababu ni cha chini na magoti yake hayakunji vizuri, beseni mbele yake, anamwosha, anamnyoosha mikono na miguu, anamkanda kwa mafuta ya mawese, anamwimbia. Tako lilipoanza kuvimba, yeye ndiye aliyelikanda kwa maji ya moto. Nilimwambia Yvette ampeleke mtoto hospitali. Alisema kwanza wamwite Pasta Blaise wa kanisani kwao amwombee. Ningeweza kusisitiza. Nikaenda zangu kazini.

Hospitali walikwenda uvimbe ulipofika ukubwa wa limau na mtoto kuwaka homa. Akapigwa picha ya eksirei. Ndani ya nyama kulikuwa na kipande cha chuma, urefu wa ukucha wa kidole kidogo, kimepinda. Wakamfanyia upasuaji siku ileile, wakakitoa, mtoto akapona, ashukuriwe Mungu. Lakini daktari aliwaita ustawi wa jamii hapohapo. Alisema mtoto wa miezi miwili hatembei wala hatambai, hajakanyaga kitu, kwa hiyo chuma hiki kimepelekwa mwilini mwake na mtu. Wakawaambia wazazi kwamba mtoto hatatoka mikononi mwa serikali mpaka ijulikane ni nani, na isipojulikana atapelekwa kulelewa na watu wengine. Yvette maziwa yanamdondoka, anayakamua kwenye sinki la saluni.

Honoré alikuja karakana kunionyesha ile picha kwenye simu. Alisema sindano ya kawaida imenyooka, kila mtu anajua, sasa hii imepindaje ndani ya mtoto kama si nguvu za giza? Niliangalia ile picha, kikunjo kidogo cheupe katikati ya mifupa midogo. Gadiel naye alisogea kutazama, ila hakuwa na miwani, akaguna tu akarudi kwenye mashine yake. Nikamrudishia Honoré simu, nikamwambia pole.

Jumapili ya tarehe nne wakakusanyika pale nyumbani, watu wa kanisa, nami nilikuwepo. Pasta Blaise hakumtaja mtu. Aliuliza tu kwa upole, miaka tisa mimba zinatoka, ni nani aliyekuwa ndani ya nyumba hii miaka yote tisa? Nani anamshika mtoto asubuhi mama yake akiwa bado amelala? Nani mikono yake haiachi sindano? Macho yote yakamgeukia yule mama aliyekaa na ufumaji wake mapajani. Wakafungua mkoba wake, wakatoa sindano zake za ndoano, wakaziinua juu kama wamepata bunduki. Hakuna aliyesema kwamba zile ni nene kama kalamu, wala kwamba hakuna iliyokatika. Tantie alisema kwa sauti yake ndogo kwamba, miye sikufanya, baba, miye namupenda ule mutoto. Blaise akaomba, watu wakaitikia Amina kwa nguvu. Nami niliitikia.

Kabla jua halijazama alikuwa ametolewa nje. Bahati yake ghorofa ya tano kuna mama wa Kirundi anaitwa Ciza, mzee mwenzake, ambaye hasali kwa Blaise wala kwa mtu yeyote. Akamtandikia mkeka. Huku juu wakatupa kila alichogusa, beseni, chupa ya mafuta, vitambaa vyake vya kufuma, na kile kiti pia, kwa kuwa ndipo alipokuwa akikaa na mtoto. Kilishushwa ngazi saba bila wimbo, kikaachwa pembeni ya taa za kuongozea magari, wenyewe wanaziita roboti.

Alhamisi nikiwa kazini nikasikia mtu anahema mlangoni. Ni Tantie Laurette, ametembea kutoka Albert Park mpaka Umbilo Road kwa miguu ile. Nilimvutia kiti, nikampa maji. Alisema ameitwa Jumatatu mbele ya afisa wa ustawi wa jamii na askari, na mkalimani wa Kiswahili hajapatikana. Yeye Kiingereza hajui, Kizulu hajui, na Honoré hataki hata kumtazama. Wamemruhusu aende na mtu wake. Aliniomba niwe mdomo wake. Nikamuuliza kwa nini mimi. Akasema kwamba katika watu wote wa siku ile, mimi peke yangu sikumsema vibaya, na moyo wangu aliuona. Dada Belinda, kama ungekuwa umenipiga kofi usingeniumiza vile. Nikamwambia sawa, Tantie, nitakuja.

Sasa nimefika kwenye lile ambalo simu ilinishinda.

Kwa Gadiel kuna ubao ukutani wenye matundu kumi na mbili, na kila tundu lina sindano yake. Sita ni ndefu zilizonyooka, za kupitisha uzi wa vifungo. Sita zimepinda nusu duara, za kushonea kingo ambako mkono haupiti. Kila jioni kabla ya kufagia, sindano zinarudi kwenye ubao na zinahesabiwa. Ikikosekana moja, kitu tulichokuwa tunakishona hakitoki, hata mwenyewe awe amesimama mlangoni na gari linaunguruma. Kinavuliwa mpaka mbao. Hiyo ndiyo sheria yake ya kwanza, na siku ya kwanza nilipoanza kazi aliniambia sindano katika singa za farasi hailali, inatembea, kila mtu anapokaa inasogea kidogo, na siku moja inatoka.

Ijumaa ile nilikuwa nashona ule mfereji wa nyuma kwa sindano ya kupinda. Simu ikalia, Yvette, ananiambia kwamba mtoto amefungua macho amemtazama. Nikaacha sindano inaning'inia kwenye uzi, nikatoka nje kuongea, nikaruka ruka pale barabarani kama chizi. Niliporudi uzi upo, sindano haipo. Nikatia vidole, nikatia kibanio, nikatia sumaku. Sumaku inavutwa na springi, haina maana. Kuvua kiti mpaka mbao ni siku mbili, na kukirudisha ni siku tatu, na mama za kanisa wanakuja asubuhi. Nikajiambia imezama chini, itakaa hukohuko, singa ni nyingi. Nikafungua pakiti mpya kwenye droo, nikatoa sindano moja, nikaipaka mafuta na vumbi ifanane na nyingine, nikaichomeka kwenye tundu. Gadiel akauliza kutoka kwenye mashine kama zimetimia. Nikasema zimetimia.

Hiyo ndiyo sindano iliyomchoma mtoto wa Yvette, ikamkatikia mwilini. Nilijua siku kiti kinatoka. Nilijua akilia. Nilijua kwenye ile picha. Na bado kuna baya zaidi. Siku ya pili baada ya kumfukuza Tantie, nilikwenda pale kwenye roboti na mkasi na koleo ndani ya mkoba, nikitoe kipande kilichobaki kabla mtu hajakiona. Kiti hakikuwepo. Mlinzi wa jengo alisema, eish sisi, ndivyo huku wanavyoita dada, hao wanaokusanya vitu na vitoroli walikipitia asubuhi, kimekwenda. Nikasimama pale, na haki ya Mungu, dada, nilifurahi. Nilifurahi kwamba hakuna atakayejua. Nilikwenda nyumbani nikala vizuri. Ndiye mdogo wako huyo uliyemlea.

Jumatatu nilimshika Tantie mkono tukaingia. Afisa ni mwanamke wa Kizulu, mpole, ana miwani. Askari pia mwanamke, anaandika. Alipouliza kwa Kiingereza nilimgeuzia Tantie, alipojibu niliwageuzia wao. Aliulizwa nani anamwogesha mtoto, akasema ni yeye. Aliulizwa kama ana sindano, akasema anazo, zipo kwa Blaise. Aliulizwa kama amewahi kumkasirikia Yvette, akafikiri kidogo, akasema ndiyo, mara moja, kwa sababu ya chumvi. Hakujitetea kwa kitu chochote, alijibu tu alichoulizwa. Nikaona kalamu ya yule askari inavyokwenda, nikaona kwamba kila jibu la kweli linamsogeza karibu na mlango wa jela. Mwishoni afisa akauliza kama ana lolote la kuongeza. Nikamgeuzia. Tantie akatikisa kichwa akasema hapana.

Nikafungua mdomo, nikasema hapana kwa Kiingereza, halafu sikuufunga. Nilisema ubao, nikasema Ijumaa, nikasema simu, nikasema ile sindano mpya niliyoipaka vumbi. Nilisema na nchi niliyotoka, na kwamba kibali changu kimekwisha tangu mwaka jana, hata sijui kwa nini nililisema na hilo, nadhani nilishindwa kukoma. Askari aliacha kuandika. Akaniuliza inakuwaje mzee amesema neno moja na mimi nimejaza ukurasa. Nikamwambia la mzee ni lile moja, haya mengine ni yangu.

Muda wote huo Tantie Laurette alikuwa akinitazama kwa tabasamu. Alidhani ninampigania. Nilipomaliza alinipapasa goti, akaninong'oneza, aksanti, aksanti sana mwanangu. Afisa akaliona lile tabasamu. Akaniambia nimtafsirie mama yote niliyoyasema, kwa sababu ni haki yake kuyajua. Kwa Kiingereza yalikuwa yametoka kama habari za mtu mwingine. Kwa Kiswahili, dada, yalikuwa yangu yote. Nilimwambia nikiangalia sakafu. Mkono wake ulikuwa bado gotini kwangu, na nilipofika kwenye tundu la ubao niliusikia unaondoka.

Hakulia wala hakunilaani. Akauliza kama Yvette amekwisha kujua. Nikasema bado. Halafu akasema kitu kwa ile sauti yake ndogo, na afisa akaniuliza mama anasemaje. Alikuwa ameomba kwamba wamtafutie mkalimani mwingine. Na hilo nalo ilibidi nilitafsiri mimi.

Yvette nilimwambia mwenyewe jioni yake. Hayo siwezi kuyaandika. Gadiel nimemwambia pia, akavua sindano zote kumi na mbili kwenye ubao, akazifunga kwenye kitambaa, akaniambia nisirudi. Pasi yangu ya kusafiria wamebaki nayo polisi, na kesho Alhamisi natakiwa kituoni saa tatu asubuhi. Wanasema mtoto huenda akarudishwa kwa mama yake wiki ijayo, wakishathibitisha maneno yangu. Tatizo ni kwamba cha kuthibitishia ni kile kiti, na sijakipata. Leo nimezunguka kwa wauza vitu vya zamani wote wa hapa Umbilo. Kipo mahali fulani hapa mjini, mahameli yake bado nzuri, na mama fulani mwenye mtoto mchanga anaweza kukiona akakipenda kama ulivyokipenda wewe. Kesho nikiachiwa nitaendelea kutafuta.

Mwambie Ghati mkeka unatosha, akae chini aegemee ukuta, sisi sote tulinyonyeshwa hivyo tukakua. Mama usimwambie mpaka nikuandikie tena, au usikie kutoka kwa Sultan yaliyonipata. Nisalimie shemeji Marwa, nisalimie majirani wote, na yule mwanao mdogo mwambie shangazi, aa, nimechanganyikiwa, mwambie mama mdogo anamkumbuka. Mniombee, si kwamba nisamehewe, mniombee nikipate.

Ni mimi mdogo wako,
Scola